Maua ya kamelia mezani: Orodha ndefu ya asidi amino si ithibati ya lishe

WAHENGA walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo inamfaa yeyote anayesoma habari za maua yanayoliwa, hasa yale ya jamii ya kamelia ambayo nchini China na Japani yametoka bustanini na kuingia katika vikombe, keki na sahani.

Wauzaji wa maua hayo yaliyokaushwa hupenda kutaja jambo moja: kwamba yana asidi amino 17 au 18, zikiwemo zile ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Madai hayo si ya uongo. Hata hivyo, ukweli wenyewe unaweza kumpotosha mnunuzi, kwa kuwa karibu kila kilicho hai, liwe jani la mgomba au punje ya mahindi, kina asidi hizo hizo.

Swali lenye uzito si kwamba zipo ngapi, bali zipo kwa kiasi gani, kwa uwiano upi, na ni sehemu gani yake itakayomfaa mlaji baada ya chakula kusagwa tumboni. Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha lishe na pambo, na linamhusu mzazi wa Kericho au Kwale anayepanga bajeti ya chakula cha watoto sawasawa na linavyomhusu tajiri wa Shanghai anayenunua maua ya chai.

Ndugu wa majani chai

Kamelia si mgeni kwa Mkenya, ingawa wengi hawalitambui jina hilo. Mchai unaofunika vilima vya Kericho, Nandi, Murang'a na Meru ni mmoja wa ukoo huo, na wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis. Ulipandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mnamo 1903, na leo Kenya hutengeneza zaidi ya kilo milioni 500 za majani chai kila mwaka.

Jina la ukoo lilitolewa na mtaalamu Carl Linnaeus wa Uswidi kwa heshima ya Georg Joseph Kamel (1661-1706), mtawa Mjesuiti mzaliwa wa Brno aliyechunguza mimea ya Ufilipino. Ukoo huo una spishi nyingi, nazo asili yake ni mashariki na kusini mwa bara la Asia.

Zipo Camellia japonica, ambayo ni pambo la bustani. Camellia reticulata ya mkoa wa Yunnan, yenye maua makubwa mekundu. Camellia oleifera, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Na Camellia nitidissima yenye maua ya manjano, inayoota katika eneo la Guangxi na kaskazini mwa Vietnam.

Mkulima wa Kenya huona maua ya mchai kwa nadra. Ni madogo, meupe, yenye nyuzi nyingi za manjano katikati na harufu nzuri. Huwa nadra kwa sababu mchumaji hupita kila baada ya siku chache akichuma majani mawili na chipukizi, hivyo mmea hulazimika kuchipuza majani badala ya kuchanua. Maua huonekana zaidi pale shamba lilipotelekezwa, au pale michai inapoachwa irefuke ili itoe mbegu.

China, mambo yamechukua mkondo mwingine. Mwaka 2010, wizara ya afya ya nchi hiyo iliidhinisha kamelia ya manjano, yaani majani yake, kuwa chakula kipya. Mnamo 2013, maua ya mchai wenyewe yakapata idhini kama hiyo. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakichuma maua ya spishi mbalimbali, kuyakausha, kuyasaga na kulinganisha asidi amino zilizomo ili kubaini lipi ni bora.

Ulaji wa maua wenyewe haupaswi kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki. Karafuu ya Unguja na Pemba ni tumba la ua lililokaushwa kabla ya kuchanua. Zafarani inayotiwa katika biriani ni nyuzi za ua. Lakini hakuna mpishi wa Pwani aliyewahi kudai kuwa karafuu hujenga misuli. Kila mmoja anajua kuwa hutiwa kwa ajili ya ladha na harufu.

Mkeka na ukindu wake

Ili kuyaelewa matokeo ya maabara, yafaa kwanza kuielewa protini. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Zipo 20 zinazotumiwa na mwili kujenga misuli, damu, ngozi, nywele na kinga dhidi ya maradhi. Mtu anapokula protini, tumbo na utumbo huivunja na kuirejesha katika vipande hivyo, kisha mwili huvipanga upya kulingana na mahitaji yake.

Kati ya hizo 20, kuna tisa ambazo mwili hauwezi kuziunda na ni lazima zitoke katika chakula. Nazo ni histidini, isolusini, lusini, laisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Threonini ndiyo iliyokuwa ya mwisho kugunduliwa, katika miaka ya 1930, kupitia utafiti wa William Rose huko Illinois, Marekani.

Mfano wa msusi wa mikeka unasaidia hapa. Msusi mwenye ukindu wa rangi tisa, ambaye nakshi yake inahitaji kila rangi kwa kiasi maalumu, atalazimika kusimama pindi rangi moja itakapokwisha, hata kama nyingine nane zimejaa kikapu. Mwili nao hufanya hivyo. Asidi ambayo ni haba kuliko zote ikilinganishwa na mahitaji ndiyo huamua ni kiasi gani cha protini kitakachojengwa. Zinazobaki huchomwa kama nishati, na naitrojeni yake hutoka katika mkojo.

Ndiyo maana orodha ya asidi 17 haimwambii mnunuzi jambo kubwa. Anachopaswa kujua ni ipi iliyo pungufu, na imepungua kwa kiasi gani.

Namba 17 yatoka wapi?

Namba yenyewe ina historia ya kuchekesha kidogo. Katika maabara, unga wa maua huchemshwa ndani ya asidi kali ya haidrokloriki, kwenye joto la nyuzi 110 za Selsiasi, kwa muda wa karibu siku nzima, ili protini ivunjike. Kisha mchanganyiko huo hupitishwa katika mtambo unaozitenganisha asidi amino moja baada ya nyingine na kuzipima. Mtambo wa namna hiyo ulikamilishwa mnamo 1958 na kundi la William Stein na Stanford Moore, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Tatizo ni kwamba asidi hiyo kali huiharibu triptofani. Vilevile huzigeuza asparajini na glutamini kuwa asidi ya aspatiki na asidi ya glutamiki. Kwa hivyo kati ya 20, tatu hupotea na kubaki 17. Mtafiti akitaka kuipima triptofani, hana budi kufanya jaribio la pili kwa kutumia magadi makali badala ya asidi, na hapo hupata 18.

Kwa maneno mengine, namba 17 kwenye pakiti haielezi sifa ya ua. Inaeleza njia iliyotumiwa na maabara. Nyama ya mbuzi, kunde au nyasi zingepimwa kwa njia hiyo hiyo, zingetoa namba hiyo hiyo.

Jambo la pili la kuzingatia ni naitrojeni. Maabara nyingi hukadiria protini kwa kupima naitrojeni, kisha kuzidisha kwa 6.25. Mbinu hii ilibuniwa na Johan Kjeldahl wa Denmark mnamo 1883, nayo hutegemea dhana kuwa naitrojeni yote iliyopimwa imetoka katika protini. Katika jamii ya chai, dhana hiyo haishiki sawasawa. Kafeini ina naitrojeni nyingi ilhali si protini. Gramu moja ya kafeini huhesabiwa kana kwamba ni takriban gramu 1.8 za protini.

Hatari ya kuamini kipimo hicho kipofu ilidhihirika China mwaka 2008, wakati maziwa yaliyoongezwa maji yalipotiwa kemikali ya melamini, yenye naitrojeni tele, ili yaonekane kuwa na protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafariki. Kipimo kilisema protini ipo. Mafigo ya watoto yakasema vingine.

Kulinganisha kwa haki

Mtafiti anapolinganisha kamelia mbili, matokeo hutegemea sana swali aliloliuliza. Chukua mfano wa maua mawili ya kubuni, A na B. Ua A lina gramu 12 za protini katika kila gramu 100 za unga mkavu, na kila gramu ya protini hiyo ina miligramu 50 za laisini. Ua B lina gramu 8 za protini, lakini kila gramu ina miligramu 60 za laisini.

Kwa kipimo cha unga mkavu, A linashinda kwa miligramu 600 dhidi ya 480. Kwa kipimo cha ubora wa protini, B ndilo bora. Majibu yote mawili ni sahihi, na mfanyabiashara anaweza kuchagua lile linalomfaa bila kusema uongo hata mmoja.

Kuna pia suala la kigezo. Mwaka 1973, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yalipendekeza miligramu 55 za laisini kwa kila gramu ya protini. Kigezo cha FAO cha 2013 kinataja miligramu 48 kwa watoto wa zaidi ya miaka mitatu, vijana na watu wazima, na 57 kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu.

Basi protini ya ua A, yenye miligramu 50, itapata alama 91 kwa mia kwa kigezo cha 1973. Itavuka 100 kwa mtu mzima kwa kigezo cha 2013. Na itashuka hadi 88 kwa mtoto mchanga aliyeanza kula. Ua ni lile lile. Kilichobadilika ni rula. Msomaji anayekutana na sifa kwamba ua fulani lina "protini kamili" ana haki ya kuuliza: kamili kwa nani, na kwa rula ipi?

Hatua ya mwisho ni usagaji. Asidi amino iliyopimwa baada ya kuchemshwa kwa asidi kali mchana kutwa si lazima ifike katika damu ya mlaji. Maua ya kamelia yana poliphenoli, zile zinazoipa chai ukali wake mdomoni, nazo hujishika na protini na kuifanya iwe ngumu kusagwa. Kwa sababu hiyo, mnamo 1991 FAO na WHO zilitoa ripoti iliyotaka alama za protini zirekebishwe kulingana na usagaji. Mnamo 2013, FAO ikapendekeza kila asidi ipimwe peke yake mwishoni mwa utumbo mwembamba, kabla ya bakteria wa utumbo mpana kuivuruga hesabu.

Tafiti zinazoishia katika mtambo wa maabara, bila kugusa usagaji, hueleza kilichomo ndani ya ua. Hazielezi kinachomfikia mlaji.

Hesabu ya sahani

Hata ua lingepata alama za juu, bado kuna suala la wingi. Sehemu kubwa ya ua bichi ni maji. Iwapo asilimia 85 ya uzani wake ni maji, basi gramu 100 za ua A likiwa bichi zitatoa gramu 1.8 pekee za protini. Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku, kwa kipimo cha WHO cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili. Angelazimika kula karibu kilo tatu za petali kila siku. Yai moja la kuku lina karibu gramu sita.

Anayekunywa maua hayo kama chai hupata kidogo zaidi ya hapo, kwani maji moto huchukua asidi amino zilizo huru na kuiacha sehemu kubwa ya protini katika mashapo yanayotupwa. Hizo zilizo huru ndizo zenye ladha. Asidi ya glutamiki hutoa ule utamu wa mchuzi uliotambuliwa na Kikunae Ikeda wa Japani mnamo 1908. Theanini, iliyogunduliwa katika chai mwaka 1949, huipa chai ulaini wake. Lakini theanini haimo katika zile 20 zinazojenga protini ya mwili, na kuihesabu kama chakula cha misuli ni kosa.

Hayo hayamaanishi kuwa maua ya kamelia hayana thamani. Yana harufu, ladha na kemikali zinazowavutia watafiti wa afya. Pia, mkulima anayeweza kuuza ua ambalo vinginevyo lingeanguka chini amepata kipato cha ziada. Ni biashara halali, ili mradi iuzwe kwa jina lake: kiburudisho, si mbadala wa maharagwe.

Somo lililomo katika githeri

Kwa familia nyingi za Kenya, sayansi hii ina manufaa makubwa zaidi jikoni kuliko katika bustani ya maua. Protini ya mahindi ina takriban miligramu 28 za laisini kwa kila gramu, yaani chini ya asilimia 60 ya kigezo cha mtu mzima. Mlo wa ugali pekee, au uji wa mahindi pekee, humwacha mlaji kama yule msusi aliyeishiwa ukindu, hata akishiba.

Maharagwe yana hali kinyume. Yana laisini nyingi, takriban miligramu 68 kwa gramu ya protini, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo ya kuridhisha. Vikichanganywa, kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 70 za mahindi makavu huwa na karibu gramu 6.3 za protini, na gramu 30 za maharagwe karibu gramu 6.6. Ukijumlisha laisini ya pande zote mbili na kuigawa kwa jumla ya protini, unapata takriban miligramu 48 kwa gramu, ambacho ndicho kigezo chenyewe cha mtu mzima. Mabibi waliopika githeri kwa kadiri ya vikombe saba vya mahindi kwa vitatu vya maharagwe hawakuwa na mtambo wa maabara, lakini sufuria yao ilifikia alama ambayo kamati za kimataifa ziliandika baadaye.

Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, alama hiyo bado iko chini ya 57, na protini ya nafaka na maharagwe haisagwi yote. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe husisitiza aongezewe yai, maziwa, omena au nyama, hata kwa kiasi kidogo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara na maji machafu, lakini ubora wa mlo ni mojawapo. Mzazi anayetumia fedha zake kununua unga wa maua au kirutubisho cha bei ghali kwa sababu ya maneno "asidi amino 17" huenda anakinyima kinywa cha mtoto mayai ya wiki nzima.

Tahadhari kwa mlaji

Wapo watakaovutiwa kujaribu maua hata hivyo. Hao wazingatie mambo mawili.

Kwanza, si kila ua ni chakula. Waridi na maua mengine ya kuuzwa dukani, yakiwemo yale yanayokuzwa Naivasha kwa ajili ya soko la Ulaya, hayakuzwi kwa kusudi la kuliwa na huweza kuwa na masalia ya dawa za kuua wadudu. Kamelia iliyopandwa uani kama pambo na kunyunyiziwa dawa ni vivyo hivyo.

Pili, maua ya mchai yana kafeini na pia saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Mashapo ya mbegu za kamelia, yenye saponini kwa wingi, hutumiwa na wafugaji wa kamba huko Asia kuua samaki wasiotakiwa mabwawani. Kiasi kilichomo katika kikombe cha maua si sawa na hicho, lakini ni ukumbusho kwamba asili ya mmea peke yake si hakikisho la usalama. Wajawazito na watoto hawana sababu ya kuwa wa kwanza kujaribu.

Kwa ujumla, anayeuziwa chakula chochote kwa sifa ya asidi amino anaweza kumwuliza muuzaji maswali manne: Ni asidi gani iliyo pungufu zaidi? Kipimo ni cha kitu kikavu au kibichi? Kigezo kilichotumiwa ni cha mtoto au cha mtu mzima? Na nitakula gramu ngapi kwa siku? Muuzaji mwenye majibu ya maswali hayo anastahili kusikilizwa. Asiyekuwa nayo anauza ua, na bei yake na ilinganishwe na ya ua, si ya kilo ya maharagwe.